Gurudumu la Feruzi na Farasi wa Mgiriki

Lomayani alikuwa na mabega ya mbeba mawe kabla ndevu hazijamwota. Wajerumani walipokuwa wakijenga boma lao kule chini ya mlima, vijana wa Kiarusha walishushwa kutoka migombani kwa zamu, na zamu yake ilirefuka kuliko za wenzake kwa kuwa alikuwa na mwili mkubwa na hakuwa na baba wa kumsemea. Baba yake alikuwa amekufa katika vita vya kabla ya boma. Basi Lomayani akabeba mawe, akabeba chokaa, akabeba magogo ya mwangati kutoka msituni, na jioni akapanda kurudi kwa mama yake bila kunena neno. Hakuwa msemaji. Hata baadaye, alipokuwa mtu anayejulikana na soko zima, watu walisema Lomayani huongea kwa mikono.

Kiswahili alikipata hapohapo kazini, kwa seremala mmoja wa Pangani aliyeitwa Feruzi. Mzee huyu alipanda Arusha na msafara wa wapagazi, sanduku lake la randa na misumeno likiwa kichwani mwake mwenyewe maana hakumwamini mtu nalo. Alitengeneza milango na madirisha ya boma, na kazi ilipokwisha hakurudi kwao. Alijenga kibanda karibu na soko, akamwita mkewe, akaanza kutengeneza vitanda na masanduku ya watu. Lomayani, aliyekuwa amezoea kumshikia mbao, akaendelea kumshikia mbao.

Jambo moja tu lilimsumbua Feruzi, nalo ni Idi. Alisema kwao sikukuu bila bembea ni kama harusi bila ngoma. Idi ya tatu aliyoila Arusha, akiwa na Waislamu wachache wa mji ule, askari na wapagazi waliobaki, alikaa barazani kutwa nzima akitazama watu wakipita na nguo zao safi bila pa kwenda. Kesho yake akamwambia Lomayani wachukue mashoka, waende msituni.

Walikata mti wa loliondo kwa ajili ya mhimili, kwa sababu haupasuki ovyo, na mwangati kwa ajili ya nguzo na mikono. Miezi minne walichonga. Kilichotoka ni gurudumu la mbao lililosimama wima juu ya nguzo mbili, na katika ncha za mikono yake minne yakaning'inia masanduku manne, kila moja la kukaa watu wawili wakitazamana. Halikuwa na mashine ya aina yoyote. Mtu mmoja alisimama chini, akashika mkono uliomfikia, akauvuta, akashika uliofuata, akauvuta, na watu wakapanda juu kuliko mapaa ya bati ya Wahindi, wakashuka, wakapanda tena. Mhimili ulipakwa mafuta ya kondoo. Hata hivyo ulilia, na mlio wake ulisikika hadi mtoni, na wanawake waliokuwa wakiteka maji walijua kwamba leo Gurudumu la Feruzi linazunguka.

Lililokusudiwa kwa Idi likawa la kila siku ya soko, na mtu aliyesimama chini yake alikuwa Lomayani.

Kuzungusha kulitaka nguvu tu, na nguvu alikuwa nazo. Kusimamisha ndiko kulikotaka ujuzi. Masanduku hayakuwa na uzito sawa. Huku amekaa mama mnene na mtungi wake, kule wamekaa wasichana wawili wembamba kama fito. Ukiachia vibaya, zito linashuka kwa kishindo na jepesi linaruka. Lomayani alijifunza kuusikia uzito kwa viganja, akaweza kulisimamisha sanduku lolote pale juu kabisa, likatulia kama kikombe mezani, akaushikilia mkono wa chini kwa kifua na mabega mpaka aliyeko juu aseme basi. Feruzi hakumfundisha hilo. Alilianzisha mwenyewe, baada ya kuona kwamba watu wengi hawakupanda kwa ajili ya kuzunguka.

Mji ule ulikaa bondeni, na migomba iliuzunguka pande zote. Ukiwa chini unaona ua wa jirani. Ukiwa juu ya gurudumu, siku isiyo na mawingu, unaona mbuga yote ya Kisongo upande wa machweo, unaona mashamba ya Nduruma yakiteremka upande wa pili, na mbali kule, asubuhi, theluji ya Kilimanjaro. Watu walipanda ili waone kitu chao. Mchungaji wa mbuzi alitaka kuona kama mvua imefika malishoni. Mpagazi mmoja Mnyamwezi alipanda kila mwezi na kutazama njia ya kwao, ingawa kwao kulikuwa mwendo wa wiki nyingi. Na Koko Nkasiogi alipanda ili aone migomba yake.

Koko Nkasiogi alikuwa bibi mkavu, mwenye pete za shaba zilizolegea mikononi. Shamba alilolilima maisha yake yote lilikuwa limeangukia ndani ya mpaka wa mlowezi mmoja, naye alizungushia ua wa miiba na hakuruhusu mtu kupita. Koko alihamia kwa binti yake. Lakini kila siku ya soko alikuja, akaingia sandukuni kwa uangalifu kana kwamba anaingia mtoni, na Lomayani akamfikisha juu na kumwacha. Akishuka, alisema neno moja tu: "Ipo." Siku moja alisema mikungu mitatu imeiva na hakuna anayeikata. Siku hiyo Lomayani alimpandisha mara mbili.

Simaloi naye alikuja kwa njia hiyo. Alikuwa msichana wa Kisongo aliyepelekwa kuishi na shangazi yake mlimani baada ya maradhi kumaliza ng'ombe wao, na mama yake alikuwa amebaki kule mbugani na kondoo wachache. Simaloi alileta maziwa sokoni katika vibuyu. Siku ya kwanza alisimama mbali akilitazama gurudumu mpaka soko likakaribia kuvunjika, kisha akaja akampa Lomayani kibuyu kizima, akaingia. Alipofika juu akaomba asimamishiwe. Lomayani akashikilia. Akashikilia mpaka jasho likamwingia machoni, na yule msichana hasemi basi. Aliposhuka hatimaye, Lomayani, ambaye hakuwa na mazoea ya kuuliza, aliuliza ameona nini.

"Moshi," Simaloi akasema. "Mama anapika."

Hakuna aliyejua kama ulikuwa moshi wa mama yake kweli. Kisongo kuna moshi mwingi. Lakini Simaloi alirudi soko lililofuata, na lililofuata tena, na mwisho wa masika Lomayani alimwendea mjomba wake kumwomba amsimamie mambo ya mahari. Ng'ombe walichelewa, kwa kuwa wakati huo kila mtu alikuwa akianza upya, lakini Feruzi alitoa kitanda cha mwangati, kitanda cha kwanza kuingia katika ukoo ule, na mama mkwe alisema mtu mwenye rafiki kama huyo anaweza kusubiriwa. Mwaka wa tatu wakapata binti, wakamwita Nanyori.

Miaka ikaenda. Feruzi akazeeka, kifua kikambana, na baridi ya Arusha aliyokuwa akiilaumu kwa mzaha ikaja kumdai kweli. Alifariki msimu wa mvua za vuli, mwaka ule reli ilipofika Moshi. Lomayani alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, ingawa hakuwa wa dini yake, na hakuna aliyemzuia. Mjane alitaka kurudi Pangani kwa nduguze. Kiwanja, kibanda na gurudumu akamwuzia Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa, mtu mcheshi, mwenye tumbo na mikono iliyojaa nywele, aliyependa kusimama mlangoni na kusalimia kila apitaye.

Huyu Mgiriki hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe. Siku aliyochukua kiwanja alimwita Lomayani, akalizunguka gurudumu mara mbili akilipigapiga kwa fimbo yake, akasema limechoka. Lomayani alikiri. Mhimili ulikuwa umeanza ufa, na sanduku moja alikuwa ameacha kulipakia watu wazito. Mgiriki akasema atalifanya jipya. Litafungwa miezi kadhaa, litapata chuma, litapata rangi, na litafunguliwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Wajerumani, mwezi wa Januari, na Lomayani ndiye atakayeendelea kulizungusha.

Lomayani alipanda mlima siku hiyo akiwa mwepesi. Alimwambia Simaloi habari zile kabla hajakaa. Miezi ile ya kungoja alilima, akaezeka nyumba upya, na kila aliyekutana naye njiani alimweleza: mhimili wa chuma hautapasuka, labda hautalia tena, labda masanduku yatakuwa sita. Alimpitia Koko Nkasiogi kwa binti yake, akamwambia asiwe na wasiwasi, gurudumu linatibiwa. Bibi akauliza kama litakuwa refu zaidi. Lomayani akasema anafikiri litakuwa refu zaidi. Hakuwa ameambiwa hivyo na mtu yeyote, lakini alivyofikiri ndivyo alivyosema.

Siku ya sikukuu watu walijaa. Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa turubai, na Lomayani, aliyefika mapema akiwa amepakwa mafuta na kuvaa shuka jipya, jambo la kwanza alilofanya ni kutazama juu ya turubai. Hapakuwa na kitu. Alifikiri labda limelazwa na litasimamishwa mbele ya watu, kama mlingoti wa bendera. Kisha tarumbeta za askari zikapigwa, turubai ikavutwa chini, na umma ukapiga kelele ya furaha.

Walikuwa farasi. Farasi wanane wa mbao, weupe, wekundu na weusi, wenye macho ya kioo na mikia ya singa, wamepangwa katika duara juu ya sahani kubwa ya chuma chini ya mwavuli wa milia. Wengi wa watu wale walikuwa wamewaona farasi wa maofisa tu, kwa mbali, na hawakuwahi kuota kumpanda mmoja. Katikati palikuwa na kasha lililotoa muziki wenyewe, na pembeni mkono wa chuma wa kuzungushia. Vyote vilikuja kwa meli hadi Tanga, kwa reli hadi Moshi, na kutoka Moshi kwa magari ya ng'ombe.

Lomayani alimsogelea Mgiriki, akamwuliza gurudumu liko wapi.

"Ndilo hili," Mgiriki akasema kwa furaha ya kweli. "Jipya."

"Hili halipandi juu, bwana."

"Juu kuna nini? Juu watu wanaanguka tu."

Lomayani angeweza kumjibu juu kuna nini. Angeweza kusimama pale mpaka jua lizame akihesabu mambo yaliyoko juu. Lakini mikono ilikuwa ndiyo mdomo wake, na sasa mikono yake ilionyeshwa mkono wa chuma. Akaushika, akauzungusha, na farasi wakaanza kwenda.

Kipya kinyemi kingawa kidonda, na hicho hakikuwa kidonda hata kidogo machoni pa watu wengi. Watoto walilia waliposhushwa. Vijana waliokuwa wakiliogopa gurudumu walipanda farasi wakijifanya maofisa. Lakini alasiri, vumbi lilipotulia, wakaja wale wa zamani mmoja mmoja. Mchungaji wa mbuzi alitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mnyamwezi alipanda, akashuka, akauliza lile lingine litarudi lini. Na Koko Nkasiogi alikuja akiwa ameshikwa mkono na binti yake, akapakiwa juu ya farasi mweusi kwa upande, akashikilia shingo yake kwa mikono miwili. Lomayani alizungusha polepole kadiri alivyoweza. Muziki ulipokwisha alimshusha mwenyewe.

"Tumekwenda wapi?" bibi akamwuliza.

"Tumezunguka, Koko."

Bibi akatazama huku na huku, akaona duka lilelile, ua uleule, njia nyembamba ileile aliyokuja nayo. "Basi tuko palepale," akasema, bila uchungu wowote, kama mtu anayehakikisha njia. Alimshukuru. Hakuja tena, na mwaka uliofuata akafa, na Lomayani alipopata habari alijiwazia mikungu iliyoiva isiyokatwa, akakosa mtu wa kumwambia.

Aliendelea na kazi kwa sababu kodi ya serikali haikungoja huzuni ya mtu, na kwa sababu hakujua kazi nyingine ya mjini. Lakini moyo uliingia kutu. Yeye asiyekuwa msemaji akawa msemaji wa jambo moja. Akiwa nyumbani, akiwa pombeni, akiwa njiani na rafiki na jirani yake Kisioki, aliyeajiriwa kumpokea mkono wa chuma akichoka, habari ilikuwa ileile: gurudumu lilikuwa hivi, farasi ni vile. Farasi hawana pa kwenda. Mkono wa chuma hauna uzito, hujui umembeba nani, mtoto au mzee, wote ni sawa. Kisioki alikuwa mtu wa subira, alimsikiliza miezi mingi, mwishowe akamwambia kwamba mtu akimlilia mfu kila siku hata mfu anachoka.

Nanyori wakati huo alikuwa na umri wa kuanza kubeba kibuyu kidogo nyuma ya mama yake. Kila siku ya soko Lomayani alimpandisha farasi, maana ni nani angemnyima mtoto wake, na kila alipomshusha alimwambia kwamba hicho si kitu, angeliona gurudumu la Mzee Feruzi angejua. Mtoto aliitikia kwa heshima.

Siku moja Mgiriki alimtuma Lomayani kwenye zizi la nyumbu wake nyuma ya duka, na pale, ukiwa umesimamishwa kama nguzo ya lango, akauona mhimili. Aliutambua kwa ufa. Akaweka kiganja juu yake akasimama hivyo hata Mgiriki akamjia kuona amepatwa na nini. Lomayani akaomba apewe. Mgiriki alishangaa, kisha akacheka, kisha alipoona uso wa mwenzake akaacha kucheka. Akasema achukue, na mikono miwili iko huko nyuma, na masanduku mawili kuku wanatagia, achukue vyote, ila amletee nguzo nyingine ya lango.

Lomayani na Kisioki walivipandisha vitu hivyo mlimani kwa siku tatu, na majirani wakitoka kutazama. Walivilaza uani, wakakata nguzo mpya, wakaufunga ufa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, wakachonga panapopwaya. Hakuna kati yao aliyekuwa seremala, lakini Lomayani alikuwa amemshikia Feruzi mbao miaka mingi na mikono ilikumbuka. Lilipokwisha lilikuwa na mikono miwili badala ya minne, limeinama kidogo upande mmoja, lakini lilizunguka, na lilipozunguka lililia vilevile. Lomayani aliposikia mlio ule ilibidi ajifute uso kwa shuka.

Simaloi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda. Aliingia sandukuni na uzito wa mwanamke aliyekwisha kuzaa, na Kisioki akaingia la pili kumsawazisha. Lomayani akavuta. Sanduku likapanda, likapanda, likafika juu kabisa, naye akalisimamisha, akashikilia kwa kifua kama zamani. Akangoja. Kisha akasikia Simaloi akianza kucheka, kicheko cha chinichini alichojitahidi kukizuia bila kufaulu.

"Unaona nini?" Lomayani akauliza.

"Majani ya mgomba," akajibu kutoka juu. "Na paa la Kisioki, limetoboka."

Walikuwa wamesahau jambo lililo wazi kwa mtoto. Migomba ya mlimani ni mirefu kuliko ile ya mjini, imesongamana, na nyumba yao ilikaa katika kijibonde. Hata gurudumu lingekuwa refu mara mbili, lisingeona Kisongo. Lomayani alimshusha mkewe polepole. Simaloi aliacha kucheka alipouona uso wake, akakaa pale sandukuni bila kutoka. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake yuko hai, na Kisongo si mbali kwa miguu, na mwezi ujao waende wote wakamwone. Wakaenda kweli, wakakaa siku nne, na mama mkwe akamwuliza Lomayani kwa nini siku hizi amekonda.

Gurudumu lilibaki uani. Watoto wa jirani walilichezea mpaka ufa ukashinda ngozi, na mwaka uliofuata Simaloi alipanda maharage ya kutambaa chini yake, yakapanda kwenye nguzo yakaota vizuri sana. Tangu siku ile ya majani ya mgomba Lomayani alikuwa amepunguza kulisimulia gurudumu, kwanza kwa aibu, baadaye kwa kuwa maneno yenyewe yalianza kumwia machungu mdomoni. Alizungusha farasi, akarudi nyumbani, akalima.

Kisha vita vya Wazungu vikaja. Mwanzoni vilikuwa habari tu za upande wa Longido na Taveta, halafu magari ya ng'ombe yakaanza kupita na mizigo, sukari ikapotea madukani, na vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kupanda farasi wa mbao. Mgiriki, ambaye biashara yake ilikuwa imekauka, aliifungua ile mashine yake vipandevipande, akauza chuma chote kwa watengeneza magari ya ng'ombe, na farasi wakarundikwa nyuma ya duka, wengine miguu juu. Lomayani na Kisioki walisaidia kufungua. Kazi ilikwisha kwa nusu siku. Lomayani alipopanda mlima alijipima moyo, kama mtu anayegusa jino lililokuwa bovu, akakuta hapaumi. Hata aliona unafuu fulani ambao hakuupenda sana.

Alimkuta Simaloi na Nanyori wakipukuchua maharage barazani. Akasema, kama habari ya kawaida, kwamba farasi wamefunguliwa, biashara imekwisha. Simaloi akauliza watafanyaje kuhusu kodi. Walizungumza hayo kidogo. Ni baada ya muda ndipo walipoona kwamba Nanyori ameinamisha kichwa juu ya ungo na mikono yake haipukuchui tena. Alikuwa msichana wa miaka minane au tisa, mwenye akili, si mtoto wa kulialia. Machozi yalikuwa yakidondoka juu ya maharage bila sauti.

Simaloi akamtazama mumewe, akachukua kibuyu akaenda mtoni, ingawa maji yalikuwepo.

Lomayani akakaa pale mkewe alipokuwa amekaa. Alitaka kusema ni mbao tu zilizopakwa rangi. Alitaka kusema afadhali ungeliona gurudumu. Maneno hayo yalifika mlangoni mwa kinywa, yakasimama, kwa sababu alikumbuka Kisioki alivyomwambia kuhusu mfu, na jinsi yeye alivyotamani, katika miaka ile yote, mtu mmoja tu ambaye angemsikiliza bila kumjibu. Akauliza ni yupi aliyekuwa wake.

Nanyori akajifuta pua. Alisema ni yule mweupe mwenye sikio lililovunjika. Alikuwa amempa jina, Sidai, na hakuwahi kumwambia mtu.

Lomayani akasema kesho ataenda amlete, Mgiriki hatakataa. Mtoto akafikiri, akatikisa kichwa. Alisema akiwa peke yake hatazunguka. Atasimama tu uani. Lomayani alitazama maharage yaliyopanda nguzo za gurudumu kule uani, akakubali kwamba ni kweli.

"Basi nieleze," akasema. "Ulikuwa unaona nini ukiwa juu yake?"

Hakuwahi kuuliza. Miaka minne alikuwa amemwambia mtoto yule kwamba juu ya farasi hakuna cha kuona, na mtoto kwa adabu yake hakuwa amembishia. Sasa akaeleza, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa haraka. Alisema mwanzoni unaona kila mtu alipo, mama mwenye viazi, Mhindi wa chumvi, askari. Halafu wanaanza kuchanganyika. Shanga na kaniki na ndizi vinakuwa kitu kimoja kirefu, kama kitambaa kinachovutwa mbele yako, na hujui tena soko liko wapi na wewe uko wapi, na tumbo linakuwa jepesi. Ukianza kuogopa kidogo, unafika upande wa mkono wa chuma.

"Pale nakuona wewe, Papa," akasema. "Vingine vyote vinapotea, wewe hupotei. Nikizunguka nakukuta. Nikizunguka tena nakukuta."

Lomayani akachukua ganda la maharage, akalipasua, akamwaga punje katika ungo wa mtoto. Nanyori akaendelea. Alisema kuhusu muziki, kwamba palikuwa na mahali kasha lilikuwa likikwama na kurudia sauti moja mara tatu, na yeye na Sidai walipangojea mahali hapo. Akaimba. Alikosea, akarudia toka mwanzo. Lomayani aliyeusikia muziki ule maelfu ya mara na kuuchukia kila mara, akamsahihisha.

Simaloi alipopanda kutoka mtoni na maji yake ambayo hayakuhitajika, aliwakuta wanabishana sauti ya mwisho inashuka au inapanda. Akatua kibuyu, akaketi, akavuta ungo karibu yake, maana walikuwa wamemwaga maharage mengi chini.